Kuamsha Gari la Mwalimu Maganga

Wewe unayefuta mikono kwa kipande cha fulana na kudhani umemaliza kunawa, kaa hapo juu ya tairi unisikilize. Sitakuweka sana. Naitwa Kondo, fundi magari mstaafu wa Temeke, na ninaposema mstaafu usidhani kuna aliyeniandikia barua au kunipa saa ya ukutani. Magoti ndiyo yaliyonistaafisha. Siku moja niliingia chini ya gari pale Keko, nikamaliza kazi, nikashindwa kutoka. Wakanivuta kwa miguu kama gunia la mkaa. Kesho yake niligawa spana zangu, nikabakiza chache za kujifurahisha.

Nataka nikueleze namna ya kuamsha gari la zamani lililolala muda mrefu. Yapo mengi bado, chini ya maturubai, nyuma ya nyumba za Chang'ombe na Kinondoni, na siku hizi wajukuu wameanza kuyatamani. Watakuletea wewe. Ukiliendea kwa pupa utaliua, na gari lililokufia mikononi mwako halisahauliki. Nitakueleza kwa gari moja, la Mwalimu Maganga, kwa sababu lilinifundisha jambo wakati nilishaamini kwamba nimemaliza kufundishwa.

Mwalimu Maganga alifundisha hesabu katika shule za msingi hapa Temeke mpaka alipostaafu. Yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, mimi ni Mzaramo wa hapa hapa, kwa hiyo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako ukacheka, na anaweza kuingia jikoni kwako akafunua chungu. Tulianza kutaniana siku ya kwanza aliponiletea gari lake, na hatujapumzika mpaka leo.

Mwaka jana simu yangu iliita. Alikuwa binti yake, Sesilia, ambaye ni karani katika ofisi moja mjini.

"Fundi Kondo, shikamoo. Ni Sesi wa Mwalimu Maganga."

"Marahaba, mwanangu. Mnyamwezi hajambo?"

"Hajambo, ila kanuna. Anataka uje uangalie gari lake kabla halijaondoka."

"Linaondoka kwenda wapi? Nalijua mie, lilishalala."

Akashusha sauti. "Kwenye chuma chakavu, Fundi."

Nikaenda Chang'ombe Jumatano asubuhi. Gari lilikuwa palepale uani, saluni ndefu nyeupe ya Kifaransa, ile yenye gia kwenye usukani, turubai limeliozea mgongoni na kuku ametaga juu ya boneti. Miaka tisa halijawashwa, tangu Mama Sesi, mke wa Mwalimu, afariki. Mwalimu mwenyewe alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya gari. Macho yake yameingia ukungu wa mtoto wa jicho, lakini masikio ni mazima. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Unaburuza ndara, Mzaramo. Unadhani unakwenda ngomani."

"Babu zako walibeba pembe za ndovu kichwani kutoka Tabora mpaka pwani," nikamjibu. "Wewe umepewa chombo chenye magurudumu manne, kimekushinda kukitoa uani."

"Mkimaliza kutaniana mniambie," Sesilia akasema. Alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, anataka kwenda kazini.

Akanieleza bila kuzunguka. Alitaka kujenga fremu mbili za maduka pale lilipolala gari, zitazame barabarani, zipate wapangaji, baba yake awe na kipato na aweze kutibiwa macho. Aliwaita wanunuzi wa chuma chakavu, wakaja, wakalipima kwa macho, wakakubali. Mwalimu akagoma kula siku mbili. Ndipo baba na binti wakafikia mapatano: gari likitoka getini kwa nguvu zake lenyewe, Sesi atalipeleka Mbagala kwa mjomba wake mwenye uwanja mkubwa, litunzwe huko. Lisipotoka, lori linakuja Jumamosi saa sita mchana, na Mwalimu hatasema neno.

"Nimeshatoa ahadi kwa wale watu," Sesi akasema. "Mie sio katili, Fundi. Lakini chuma hakiwezi kumtibu baba macho."

Alikuwa anasema kweli. Mwalimu aligeuza uso kuelekea sauti yangu.

"Jumamosi saa sita, Mzaramo. Sijakuomba kitu miaka tisa."

Basi sikiliza nilivyoanza, na uone nilivyokosea.

Siku ya kwanza sikugusa ufunguo. Hiyo ndiyo kanuni ya mwanzo, na niliipata kwa aibu. Nilipokuwa kijana nikijifunza kazi mtaa wa Gerezani kwa fundi Mzee Hamza, lililetwa gari dogo la muuguzi mmoja, lililokaa miaka mitatu gereji kwa mtu. Mzee Hamza alikuwa amekwenda kuswali. Nikataka akirudi akute linanguruma. Nikalifunga kamba nyuma ya pikapu, nikaingiza gia ya pili, nikamwambia dereva avute. Lilikwenda kama hatua ishirini huku magurudumu ya nyuma yakisota, kisha nikasikia mlio kama mtu kavunja muwa. Ringi za pistoni zilikuwa zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu. Nilizivunja zote.

Mzee Hamza hakupiga kelele. Alinipeleka nyumbani kwa yule muuguzi, akaniketisha, akaniambia, "Mweleze mwenyewe ulichofanya, kwa maneno ambayo yeye atayaelewa." Nikaeleza. Muuguzi akaniuliza, "Mgonjwa aliyelala miezi sita kitandani, wewe ungemvuta mkono akimbie?" Kulifungua lile gari na kulifunga upya ilinichukua majuma matano, na kila siku niliwaza swali lile.

Kwa hiyo kwa Mwalimu nilianza na pua. Fungua kifuniko cha tangi, unuse. Petroli mpya inachoma pua, iliyolala inanuka kama vanishi. Chomoa kijiti cha oili, ipake katikati ya vidole viwili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, simama hapo hapo. Ya Mwalimu ilikuwa nyeusi na nzito, lakini haikuwa na maji. Tazama waya zote kwa macho na kwa vidole, maana panya wa Temeke wanapenda ganda la waya kuliko mahindi. Nilikuta sehemu mbili zimetafunwa, nikaziunga.

Kisha nikafungua plagi zote nne, nikatia katika kila tundu oili iliyochanganywa na dizeli kidogo, kiasi cha vijiko viwili vya chai. Nikaweka gia huru, nikashika nati ya puli ya mbele kwa spana, nikajaribu kuigeuza injini kwa mkono. Haikutingishika.

"Vipi?" Mwalimu akauliza.

"Kama wewe. Kanuna."

"Basi muache mpaka kesho. Mie nikinuna huwa siku moja tu."

Ndivyo nilivyofanya, na wewe ufanye hivyo. Oili inahitaji muda wa kupenya. Alhamisi asubuhi nilishika spana tena, nikasukuma polepole, nikasikia injini inaachia, taratibu, kama kifuniko cha mtungi. Nikaizungusha mara mbili kamili. Mwalimu aliisikia pistoni inavyovuta hewa kwenye matundu ya plagi, akavua kofia akaiweka gotini.

Alhamisi ilikwisha kwenye mafuta. Nilimwaga petroli ya zamani yote, lita kama kumi za kitu cha rangi ya chai ya rangi. Bomba la kupumulia la tangi lilikuwa limezibwa na nyigu wa udongo, wamejenga humo nyumba tatu. Tangi lisipopumua, gari litawaka kidogo kisha lizime, na utazunguka wiki nzima ukilaumu pampu. Nikafungua kabureta. Boya lilikuwa limeganda kwenye gundi ya petroli, na lile tundu dogo la kupitishia mafuta, ambalo sisi huliita jeti, lilikuwa limefumba kabisa. Usilichokonoe kwa waya, utalipanua na gari litakunywa mafuta maisha yake yote. Lilowanishe kwenye petroli safi, lipulize. Likikataa, pitisha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki.

Na ukifungua kabureta, angalia ulipokaa. Gereji yangu ya Keko ilikuwa katikati ya mafundi seremala. Mwaka wangu wa kwanza pale nilifungua kabureta ya teksi, nikaipanga vizuri juu ya gazeti, jirani yangu akawasha msumeno wa kupasulia mninga. Nikaifunga bila kujua imejaa unga wa mbao. Teksi ilikwenda mpaka Vingunguti ikazima, dereva akarudi kwa miguu amejaa jasho. Aliniambia, "Fundi, mie nilileta gari, siyo kabati." Tangu siku ile nikifungua kabureta nilikuwa nampelekea yule seremala chai na maandazi, apumzike robo saa. Nilinunua maandazi mengi Keko.

Kabla yangu, Sesi alikuwa amemleta kijana mmoja mwenye ile mashine ya kompyuta ya kusomea makosa. Alilizunguka gari akitafuta pa kuichomeka, akainama chini ya usukani, akafungua boneti, mwisho akamuuliza Sesi kama kuna kifaa kimeibwa. Simcheki yule kijana. Nimeiona mashine ile ikitaja ugonjwa kwa dakika moja, ugonjwa ambao sisi tungeutafuta siku mbili, na kama ingekuwepo wakati wangu ningeinunua kabla ya godoro. Ila gari la Mwalimu halina pa kuongelea na mashine. Hilo unaliuliza kwa mikono.

Ijumaa nilianza na breki, na hapa naomba uniangalie usoni. Watu wengi wanafurahia gari kuwaka, breki wanazikumbuka mbele ya ukuta. Gari lisilowaka ni hasara, lisilosimama ni msiba. Nilifungua magurudumu yote manne, nikasafisha, nikabadilisha mipira iliyokauka, nikatia mafuta mapya ya breki. Ilipofika saa nane nikafunga betri niliyoazima, nikaweka plagi moja juu ya chuma cha injini, nikamwita Sesi, ambaye siku hiyo alitoka kazini mapema.

"Piga stata kidogo."

Injini ikazunguka vizuri. Nikaitazama plagi. Hakuna moto. Ile cheche ya buluu inayoruka kwenye mdomo wa plagi haikuwepo, hata nyekundu dhaifu haikuwepo.

Hapo usihangaike, fuata njia. Moto unatoka kwenye betri, unapita kwenye swichi ya ufunguo, unaingia kwenye koili, kikopo kinachoukuza, na koili inautoa kwenda kwenye plagi pale platini, vile vyuma viwili vinavyogusana ndani ya distributa, zinapofunguka. Nikasugua platini kwa msasa laini kabisa. Hakuna moto. Nikabadilisha kondensa, kile kikopo kidogo kando ya platini. Hakuna. Nikaazima koili kwa rafiki yangu wa Tandika, nikaifunga. Hakuna. Nikachukua taa yangu ya kujaribia, balbu ndogo yenye waya mbili. Upande wa koili unaoingiza umeme, ikawaka. Upande wa pili, ambako ingepaswa kuwaka na kuzima kila platini zikifunguka na kufunga, ikabaki imezima. Umeme ulikuwa unapotelea mahali, na sikuona ni wapi.

Ikafika magharibi. Nikakusanya vyombo.

"Kesho saa sita," Mwalimu akasema. Hakutania.

"Najua."

Jumamosi saa mbili nilikuwa pale. Niliamua kufanya ambacho ningekifanya tangu Ijumaa kama nisingekuwa na haraka: kulaza tochi ubavuni, kusahau ninachokijua, na kuhesabu waya moja moja. Kwenye ule upande wa pili wa koili panapaswa kuwa na waya mmoja unaokwenda kwenye distributa. Nikaukuta. Nyuma yake, umelala chini kabisa umefunikwa na vumbi la miaka, nikakuta wa pili, mwembamba mweusi. Nikaufuata kwa kidole. Ulipita nyuma ya injini, ukaingia kwenye tundu la ukuta wa chumba cha injini, ukatokea ndani ya gari chini ya zulia.

Nikakasirika. Nimepoteza siku nzima kwa kazi ya mtu.

"Fundi aliyefanya hivi ni mhuni," nikasema kwa sauti.

"Kafanyaje?" Mwalimu akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Kaongeza waya hapa, kaupitisha kwa siri. Mtu mzima anafunga waya kama mwizi, na kaufunga juu kwa uzi wa..."

Nikaishia hapo. Juu ya tepi palikuwa na uzi wa kushonea viatu, umezungushwa mara tatu na kukazwa fundo. Mzee Hamza alitufundisha kufunga hivyo, kwa sababu joto la Dar linayeyusha gundi ya tepi. Temeke nzima tulikuwa wawili tu tuliofunga waya namna ile. Mwenzangu alishazikwa zamani.

Nilikaa juu ya bampa.

Yote yakanirudia. Miaka mingi nyuma Mama Sesi alinifuata Keko, kapu mkononi, akasubiri wateja waondoke.

"Fundi, unaweza kulifanya gari lisiwake bila kuliharibu?"

"Naweza, Mama. Unaogopa wezi?"

"Namwogopa Mwalimu."

Ijumaa ya mshahara Mwalimu alikuwa akitoka na walimu wenzake, wanakunywa, na gari likirudi lilikuwa linachukua barabara yote. Mama Sesi alishamwambia mara nyingi. "Nimechoka kugombana naye," akaniambia. "Nataka gari ndiyo ligombane naye."

Nikafunga swichi ndogo chini ya kiti chake yeye, kiti cha abiria. Akiibonyeza, umeme wa koili unamwagwa kwenye bodi na plagi hazipati moto. Kila Ijumaa ya mshahara gari likagoma. Mwalimu akawa ananiita. Nami nilikuja, nikafungua boneti, nikagonga hapa na pale, nikasema, "Koili imepata joto, Mwalimu. Iache ipumzike, kesho litawaka." Kesho yake linawaka. Alinisifu kwa walimu wenzake wote kwamba Fundi Kondo anazijua koili. Baada ya miaka kama mitano aliacha pombe kabisa. Nikamwambia Mama Sesi nije niitoe. Akasema nisubiri, ataniambia. Hakuniambia, nami nikasahau.

Mkononi nilikuwa nimeshika plaisi. Kukata waya ule ni kazi ya sekunde moja. Ilishatimia saa nne na nusu, lori lilikuwa njiani, na Mwalimu hakuweza kuona nilichokishika. Ningekata, gari lingewaka, angenishukuru, na koili ingeendelea kuwa ndiyo iliyopata joto.

Nakueleza hili bila kujifagilia, kwa sababu nilifikiri kulifanya. Hata siku ya msiba wa Mama Sesi nilipata nafasi ya kusema nikaiachia. Sisi watani ndio tuliosimama pale, kama ilivyo desturi, kumwigiza marehemu, watu wakicheka huku wanalia. Nilimwigiza anavyotembea, anavyomwita Mwalimu. La swichi nililinyamazia. Ila gari ni la Mwalimu, na aliyetega hiyo swichi ndani yake ni mimi. Mtu ana haki ya kujua kilichomo ndani ya gari lake.

"Mwalimu," nikasema, "leo weka utani pembeni."

"Mzaramo akisema hivyo, kaua mtu."

Nikamweleza yote, kuanzia kapu mpaka koili. Sesi alikuwa ametoka na birika la chai, akasimama nalo mkononi.

"Koili imepata joto," Mwalimu akasema.

"Ndiyo."

"Miaka mitano nakuita, nakupa na nauli ya kurudia."

"Ulikuwa unanipa."

"Na mie nawaambia watu wazima, walimu, kwamba koili inahitaji kupumzika." Akatikisa kichwa. "Kimila siruhusiwi kukukasirikia leo. Nitakukasirikia kesho."

Sesi akaanza kucheka, akaweka birika chini lisimwagike. "Mama jamani. Na sie alikuwaga anatuambia gari limechoka, tumwonee huruma."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu, niliiona kwenye vidole vyake.

"Swichi hiyo sasa imekaaje?"

"Imebonyezwa. Ndiyo maana hakuna moto."

"Mara ya mwisho gari hili kutembea nilikuwa namrudisha kutoka hospitali," akasema. "Alikaa kiti hicho. Niliteremka nikazunguka kwenda kumfungulia mlango, maana hakuwa na nguvu. Nikamkuta ameinama. Nikadhani anatafuta kiatu."

Sesi aliacha kucheka.

"Hakutaka nitoke," Mwalimu akasema.

"Ulitoka?" nikamuuliza.

"Nitoke niende wapi? Wiki tatu, mpaka anafariki, sikuvuka hata geti. Namsomea gazeti, anasinzia, nikinyamaza anaamka ananiambia endelea." Akanyoosha mkono hewani. "Nioneshe ilipo."

Nikamfungulia mlango wa abiria, akakaa. Nikaushika mkono wake nikaupeleka chini ya kiti, mbele kidogo, upande wa mlango. Alipoigusa, akausukuma mkono wangu.

"Niachie mwenyewe."

Tukasikia mlio mdogo, tik.

Nikarudi kwenye injini, nikaweka plagi juu ya chuma. "Sesi, piga kidogo." Cheche ikaruka, ya buluu, nene. Nikafunga plagi zote, nikatia petroli mpya kwenye tangi na kijiko kimoja kwenye mdomo wa kabureta, na hapo usiinamishe uso juu yake, likirudisha moto utapoteza nyusi. Nikamwambia Sesi apige stata asikanyage mafuta.

Lilikohoa mara mbili. Mara ya tatu likashika, kwa silinda mbili kwanza, likitetemeka na kutoa moshi wa ile oili niliyoitia, kuku wakakimbilia kwa jirani. Kisha silinda ya tatu ikaingia, kisha ya nne. Wengi hapa hukanyaga mafuta kwa furaha. Usifanye hivyo. Niliacha lizunguke taratibu dakika kumi nzima, naangalia taa ya oili na kugusa rejeta ya maji, mpaka mlio ukawa mmoja.

Lori lilifika saa sita kasoro. Vijana watatu waliteremka na minyororo, wakakuta saluni nyeupe inanguruma uani na mzee amekaa kiti cha abiria, kofia kichwani.

"Dada, si ulisema mkweche?" mmoja akamuuliza Sesi.

"Nilisema. Ngoja kwanza, nyie mpisheni apite."

Nikakaa nyuma ya usukani, kwa sababu Sesi ile gia ya kwenye usukani haijui. Lilitoka getini kwa nguvu zake lenyewe, kama walivyokubaliana. Sesi naye hakuvunja ahadi yake: aliwapa wale vijana friji bovu, mabati ya zamani na fremu ya kitanda, wakaondoka na mzigo wao. Akafunga geti, akatufuata Mbagala kwa bajaji, nikimwona kwenye kioo anatupiga picha.

Njiani nilimuuliza Mwalimu kama anataka niitoe swichi.

"Iache."

"Itakusumbua."

"Ikinisumbua nitaita fundi. Nasikia kuna Mzaramo mmoja anazijua koili."

Fremu zimejengwa, zina wapangaji, na jicho moja la Mwalimu limeshafanyiwa upasuaji. Kila Jumapili baada ya misa anapelekwa Mbagala, mtu analiwasha gari, yeye anakaa kiti kilekile. Ule waya niliufunga upya, kwa tepi na uzi wa viatu.

Sasa wewe, haya yote ya oili, nyigu na platini utayajua kwa mikono, hata usiponisikiliza. Lakini ile siku niliyoipoteza kwa koili nisingeipoteza kama ningeuliza kwanza. Kwa hiyo ukiletewa gari lililolala, kabla hujafungua boneti, vuta kiti ukae na wenye gari. Waulize lilitembea lini mara ya mwisho, lilikwenda wapi, na nani alikaa kiti gani. Kisha pitisha mkono chini ya kila kiti.